Zima Gari, Mjomba

Salumu Likwenda hakuwa mtu wa kujishusha, na heri tuliseme mapema asije mtu akadhani tunamsingizia. Pale Magomeni, Mtwara mjini, chini ya paa la madebe yaliyokunjuliwa aliloliita gereji, alikuwa akimtajia mwenye gari ugonjwa wa gari lake kabla hajalizima, kwa kusikiliza tu, na mara nyingi alisema kweli. Mara nyingi, nasema. Siku alizokosea hakuzisimulia, na nani husimulia?

Fundi huyo, na ulimi huo, ndiye aliyempenda Mwanakombo wa Msimbati. Alimwona mtaa wa Chuno, nyumbani kwa mama mdogo wa binti huyo, siku alipopita kuomba maji ya kutia kwenye rejeta. Badala ya kuchukua maji akaanza kueleza yeye ni nani na ameshafufua magari ya nani. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akampa ndoo, akamwambia, "Fundi, mbona huo mdomo wako hauna ekzosi?" Salumu alirudi gerejini akicheka peke yake njia nzima, na tangu siku ile hakuwa na wazo jingine.

Akatuma mshenga, Mussa, rafiki yake wa tangu jandoni. Sasa, kwa watu wa upande ule, baba wa binti huheshimiwa na hupewa kiti kizuri, lakini neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wa Mwanakombo alikuwa Mohamedi Nampota, mwenye mikorosho mingi na maneno machache. Mussa akarudi na jibu lililomfanya Salumu aweke spana chini.

"Mahari hataki kuizungumza," alisema Mussa. "Anasema zamani mkwe alikuja ukweni akalima msimu mzima, watu wakamwona ni mtu wa namna gani. Wewe jembe hulijui. Basi uende ukalifufue gari lake. Likifufuka, nirudi tuzungumze. Lisipofufuka, nisipite tena mlangoni kwake."

"Gari tu?" Salumu alicheka. "Mwambie anunue mchele kabisa."

"Usicheke kwanza. Gari lile lina kisa."

Kisa chenyewe watu wa Msimbati wote walikijua. Mwaka mmoja nyuma Mjomba Nampota alikuwa anatoka mjini na Moris yake kuukuu, akakutana na jeneza njiani. Kila mtu anajua ada ya jeneza. Unasimamisha gari, unazima, unashuka, na ukiwa mwanamume unatia bega walau hatua chache. Lakini Moris siku hizo ilikuwa na ugonjwa wa kukataa kuwaka, na hata ikiwaka ilitaka mguu usiondoke kwenye mafuta. Mjomba alifikiri: nikizima hapa kwenye mchanga nitalala hapa. Akasimama pembeni, lakini hakuzima wala hakushuka. Alikaa juu ya kiti, kichwa chini, mguu kwenye mafuta, injini inanguruma, na jeneza likampita. Ndani yake alikuwemo mama yake Issa Chilumba, jirani yake, aliyecheza naye utotoni. Tangu siku ile Issa hakumpa tena salamu. Na mjomba naye akaliingiza gari bandani, wala hakuliendesha tena.

Salumu alipomaliza kusikia hakucheka tena. "Betri wamebadilisha?" aliuliza.

"Mara mbili. Kila fundi aliyekwenda alisema betri."

"Basi si betri," alisema Salumu. "Mzee si mjinga wa kununua betri mbili mbovu. Ile ni stata."

"Hujaiona!"

"Nimekwambia."

Alifika Msimbati juu ya lori la mihogo, na sanduku la spana mapajani. Moris ilikuwa chini ya banda la makuti, rangi yake ya maziwa imechujuka, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mjomba Nampota alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake ya kufuma. Salumu akasogea, akainama, akatoa shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mjomba."

"Wanasema unaongea sana."

"Wanasema kweli, mjomba. Lakini naongea huku nafanya kazi."

Mzee hakutabasamu. Uani mwanamke aliguna kama aliyebana kicheko, na Salumu akajua ni Mwanakombo bila kugeuka. Majirani nao walishaanza kukusanyika, maana Msimbati ukifungua boneti unakuwa umeita mkutano.

Hakuanza kwa kufungua kitu. Aliwahamisha kuku, akaweka betri aliyokuja nayo, iliyojaa chaji, akawasha taa kubwa za mbele. Mwanga ukapiga ukuta wa udongo wa banda. Akamwomba mjomba auangalie mwanga ule asiondoe macho, kisha akabonyeza kitufe cha stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Ilisikika ta! ndogo, basi.

"Mwanga umefifia, mjomba?"

"Haukufifia."

"Umeona. Injini inapotaka kuzunguka hula moto mwingi wa betri, taa lazima zififie. Hizi hazikujali hata kidogo. Betri ina nguvu, ila hakuna anayekula."

"Swichi hiyo," alisema mtu mmoja nyuma, mwenye baiskeli, ambaye dakika chache kabla alikuwa upande wa betri.

"Labda," alisema Salumu. "Tuiulize yenyewe."

Alikuwa na balbu ndogo ya taa ya nyuma aliyoiunga nyaya mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa hospitali yake. Akajilaza mchangani, akapenyeza mkono chini ya injini, waya mmoja akaushika kwenye msumari wa stata palipoingia waya mnene wa betri, wa pili kwenye bodi ya stata yenyewe. Mjomba akabonyeza kitufe. Balbu ikawaka, nyeupe, bila kutetemeka. Stata ikakaa kimya.

Salumu akatoka chini ya gari na mchanga kichwani, amefurahi waziwazi. "Swichi imetoa moto, waya umeuleta, bodi imeshika vizuri. Moto umefika mlangoni na kupiga hodi, mwenye nyumba hafungui. Stata imekufa, mjomba. Wengine wote hawana kosa."

Mwenye baiskeli alisema hata yeye alikuwa akishuku hivyo.

Alifungua waya wa betri kwanza, kwa sababu fundi asiyefungua waya wa betri huunguza spana na vidole kwa pamoja. Kisha akazilegeza bolti mbili za stata, ambazo chumvi ya bahari ilikuwa imezioza zikataka mafuta ya taa na subira. Ilipotoka aliibeba kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya gunia. Akauondoa mkanda wa bati unaofunika kaboni, vile vipande vyeusi vinavyougusa mhimili ili kuupa moto.

Hapo ndipo alipoinama karibu zaidi.

Ndani kulikuwa na utomvu mweusi, mgumu, umezishika kaboni kwenye vyumba vyake zisiweze kushuka. Gia ndogo ya mbele, ambayo mafundi huiita bendeksi, nayo ilikuwa imenata kwenye uzi wake pamoja na mchanga. Pale kaboni zilipokuwa zikigusa kwa shida, mhimili ulikuwa umeungua mpaka nyaya za ndani zikatoka. Chumvi haifanyi kazi ya namna hiyo. Akakwangua kidogo kwa bisibisi, akaupitishia kiberiti, na moshi ulipompanda puani hakuwa na la kuuliza. Alikulia kwenye mikorosho. Yalikuwa mafuta ya maganda ya korosho, yale watu wanayopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa.

Akainua macho. Nguzo zote za banda lile zilikuwa nyeusi, zinang'aa, zimepakwa vizuri. Aliyezipaka alikuwa mtu makini, asiyependa mali yake iliwe, na mtu makini yule alikuwa amesimama mbele yake na kofia ya kufuma. Alikuwa ameona chumvi inakula chuma chake, akaifungua stata kwa mkono wake mwenyewe, akaipaka dawa aliyoiamini. Yaani jeneza lile, aibu ile, mwaka mzima wa kutosalimiwa na Issa, vyote vilitoka kwenye brashi yake.

"Nini kimeiua?" aliuliza mjomba. Watu wote walisogea ili wasikie.

Salumu Likwenda, ambaye hakuwahi kukutana na jibu akalimeza, alilimeza lile. "Chumvi, mjomba," alisema. "Bahari haina rafiki."

Mjomba akasema watu waende makwao, fundi ale chakula.

Ilipoletwa bada, ugali wa muhogo, na samaki, na wawili wakabaki peke yao, mzee alinawa mikono polepole. "Fundi," alisema bila kumtazama, "chumvi gani hiyo inayotoa moshi wa korosho?"

Salumu akaona mchezo umekwisha. "Mjomba, nguzo zako ni nzuri. Mchwa hatazigusa mpaka wajukuu waoe. Ila stata si nguzo. Stata inataka ikae kavu."

Mzee alikula matonge kadhaa. "Unaweza kuitengeneza?"

"Hii hapana, imeungua. Nitaleta nyingine na nitaifunga."

"Sikiliza basi. Gari kuwaka hapa bandani si kazi, hata mwendawazimu atalisukuma liwake. Mimi nataka gari nitakalolizima popote, likawaka palepale. Popote, umenielewa? Kama huwezi, sema sasa, na binti tuache kumtaja."

"Naweza," alisema Salumu. Na aliamini, ndiyo tabia yake. Lakini usiku ule, amelala kwenye mkeka, alijua kwamba safari hii si ya mteja wa kumtuliza kwa maneno. Alimtaka Mwanakombo kuliko alivyowahi kutaka kitu, na hakuwa na ufundi wa kuficha hilo hata kwake mwenyewe.

Spea za Moris mwaka ule zilikuwa kama mvua ya kiangazi. Madukani walimcheka. Akaenda kwa Kasiani, fundi wa mitambo bandarini, mtu wa Songea aliyehamia Mtwara na mkewe Martha. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mzoga wa Moris usio na magurudumu, na juu ya boneti Martha alikuwa ameanika dagaa.

"Stata ipo," alisema Kasiani. "Ila ukiondoa dagaa mmoja vibaya, utajibu kwa mama mwenyewe."

Waliitoa pamoja. Salumu aliziweka stata mbili ubavu kwa ubavu, akalinganisha meno ya bendeksi jino kwa jino, maana gia isiyolingana hutafuna gurudumu la injini mpaka ulie. Zilifanana. Akafungua ya Kasiani, akasafisha mhimili kwa msasa laini mpaka ukawa mwekundu wa shaba, kaboni zikacheza vizuri, bendeksi akaiosha kwa petroli na kuiacha kavu kabisa. Kisha akaikanyaga chini kwa mguu na kuiunga kwenye betri. Iliruka chini ya kiatu chake kama jogoo aliyeshikwa.

"Ikiwa baridi inapiga," alisema Kasiani. "Moto sijui. Stata zilizolala muda mrefu, nyingine zikipata joto la injini hugoma. Uijaribu ya moto kabla hujajisifu."

"Naijua kazi yangu."

"Najua unaijua. Ndiyo maana nakwambia." Kasiani hakutaka malipo. Alichotaka ni kwamba harusi isiwekwe Jumapili asubuhi, kwa sababu ana sauti ya besi kanisani na bila yeye nyimbo hazina sakafu.

Aliporudi Msimbati, Salumu aliizungusha injini kwa mkono kwanza, akalikagua lile gurudumu zito lenye meno kupitia tundu la stata, mzunguko mzima. Meno yalikuwa yamelika kidogo upande mmoja, lakini hakuna lililovunjika. Akafunga stata, bolti mbili, waya mnene, mwisho waya wa betri. Akampa mjomba kiti cha dereva.

"Bonyeza, mjomba."

Moris ilikohoa vumbi la mwaka mzima, ikawaka. Uani kilipigwa kigelegele, kikakatizwa katikati, bila shaka na mama yake binti. Mwenye baiskeli alieleza wengine jinsi yeye na fundi walivyoutambua ugonjwa. Mjomba alizima, akawasha, akazima, akawasha. Uso wake haukubadilika.

"Dada," aliita, "panda na mwanao. Twende Madimba tukamwone mgonjwa wenu. Fundi, kaa mbele hapa na mimi."

Hivyo ndivyo Salumu alivyokwenda Madimba na kurudi, mkwe asiye mkwe, magoti yamebana, nyuma yake mama wa binti na binti. Huko Madimba mjomba alizima kivulini, wakakaa kwa mgonjwa mpaka injini ikapoa, ikawaka bila shida. Lakini wakati wa kurudi jua lilikuwa kali na mchanga mzito, Moris ikapanda kwa gia ndogo, na sindano ya joto ikapanda nayo. Salumu aliitazama sindano ile akamkumbuka Kasiani. Hakuwa ameijaribu ya moto. Alikuwa na muda wa kuijaribu, na aliutumia kusimulia.

Wakatokeza penye mikorosho ya mwisho kabla ya kijiji, na mbele yao, zikitoka kwenye nyumba kuelekea makaburini, kanzu nyeupe nyingi zilikuwa zinakuja, na juu ya mabega jeneza lililofunikwa shuka ya kijani.

"Inna lillahi," alisema mjomba kwa sauti ndogo. "Mzee Fakihi. Alikuwa mgonjwa." Akasimamisha gari pembeni. Injini ikabaki inanguruma.

Aliyeshika mbele, bega la kulia, alikuwa Issa Chilumba. Aliliona gari, na macho yake yakalitambua. Wengine nao waliona. Kila mtu pale alikuwa na kumbukumbu ileile.

Mkono wa mjomba ulikuwa kwenye funguo na haukugeuka. Akamtazama Salumu, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa anamjaribu. Alikuwa anamuuliza.

Salumu alihisi joto la injini likimpanda miguuni kupitia bati. Angeweza kusema tungoje kidogo ipoe. Angeweza kusema, mjomba, shuka wewe, mimi nitabaki nimeshika mafuta. Lingekuwa jibu la akili, na injini ingenguruma mbele ya jeneza la pili. Gari likizimika lisiwake, hapo hapo mbele ya kijiji kizima, Mwanakombo amempoteza, na mzee ameongezewa aibu juu ya aibu. Lakini mhimili ule aliusugua kwa mkono wake, na kaboni zile alizipima kwa vidole vyake.

"Zima gari, mjomba," alisema.

Mjomba akazima.

Kimya kilishuka ghafla, ukasikika mchanga chini ya miguu ya wachukuzi. Wanawake walishuka wakajitenga pembeni, vichwa vimefunikwa. Salumu alisimama kando ya mlango. Mjomba Nampota aliweka kofia yake vizuri, akalifuata jeneza, akanyoosha mkono upande wa kulia wa mbele. Kwa hatua moja au mbili hakuna aliyempisha. Kisha Issa Chilumba akasogea nyuma, akampa nafasi, na mti wa jeneza ukakaa juu ya bega la mzee.

Walitembea hivyo, mmoja mbele ya mwingine. Walipokuwa wanampita Salumu alimsikia Issa akiuliza, kwa sauti ya mtu aliyesahau kidogo namna ya kuongea na mwenzake:

"Mohamedi, gari umemwachia nani?"

"Mkwe wangu," alijibu mjomba, wala hakugeuka. "Atawapeleka wanawake nyumbani. Mimi naenda na nyinyi mpaka mwisho."

Salumu alisimama palepale mpaka kanzu ya mwisho ilipopotea nyuma ya mikorosho. Mama mtu alikwisha kupanda. Mwanakombo alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani, anamtazama kupitia kioo cha mlango.

"Fundi," alisema, "si umeambiwa nyumbani?"

"Nimeambiwa."

"Basi na iwake."

Akakaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mzee, akabonyeza. Stata ikazunguka mara moja, ikashika, na Moris ikawaka. Huko nyuma ya mikorosho hapakuwa na mtu wa kuiona, ila wote waliokuwa wakienda kuzika waliisikia.